Kabla ya Kununua Msumeno wa Mnyororo

*Haya ni maandishi ya mazungumzo niliyotoa Jumamosi moja asubuhi ya mwezi Aprili, hapa Lewiston, Maine, kwa familia zinazopasha nyumba joto kwa kuni. Waliokosa kufika waliomba yaandikwe. Mwishoni nimeweka baadhi ya maswali yaliyoulizwa siku hiyo.*

Asanteni kwa kuacha usingizi wa Jumamosi, maana najua wengine mmetoka zamu ya usiku na hamjagusa kitanda.

Nitaeleza kwanza kwa nini tumeitana. Wiki tatu zilizopita nilipigiwa simu na baba mmoja. Familia nne zimechanga pesa na kununua lori zima la magogo marefu, yale yanayoletwa bila kukatwa. Ni akili nzuri. Magogo hayo ni nafuu kuliko kuni zilizokwisha kukatwa na kupasuliwa, na lori moja huleta kordi saba au nane. Kwa wageni: kordi ni kipimo cha kuni cha hapa, rundo la futi 4 kwa futi 4 kwa futi 8. Kuni za namna hiyo mkizikata na kuzipasua sasa, zikapigwa jua na upepo majira yote ya joto, nyingi zitakuwa zimekauka baridi itakaporudi. Mti wa mwaloni huchelewa zaidi, huo uacheni wa mwaka unaofuata.

Baba yule aliniuliza swali moja: "Mwanangu, ninunue msumeno gani?" Kesho yake akapiga mwingine. Kisha mama mmoja akaniambia mume wake ameona msumeno mkubwa kwenye mauzo ya uani, dola 80 tu, na anakwenda kuuchukua. Nikamwambia, "Mama, tafadhali mzuie mpaka Jumamosi." Nashukuru, naona wote wawili wapo hapa.

Kifaa chenyewe tunakiita majina mengi. Waliokaa Tanzania husema chenso au msumeno wa moto. Waliotoka Kongo husema tronsonezi. Leo nitasema msumeno, na mjue ni ule wenye injini na mnyororo wa meno. Lile chuma refu na jembamba ambalo mnyororo huzunguka pembeni yake nitaliita bapa.

Msumeno wangu wa dola 80

Niliingia Marekani mwaka 2013 nikitokea Nyarugusu. Kule kambini kuni zilikuwa habari nzito, na wengi wenu mnaijua. Mama yangu alitoka alfajiri kwenda kuzitafuta nje ya kambi, na sisi watoto tulikaa roho juu mpaka tuone mzigo wake unarudi njiani. Kwa hiyo nilipofika hapa na kuona miti imeanguka tu uani kwa watu, nikasema, hii nchi Mungu ameibariki. Jirani yetu, mzee wa Kimarekani, alikuwa na mti wa mepo ulioangushwa na dhoruba. Akaniambia, ukiukata, kuni ni zako.

Nikanunua msumeno kwenye mauzo ya uani kwa dola 80. Ulikuwa na bapa la inchi 24, mrefu kama mtoto wa miaka mitatu. Niliuchagua kwa sababu ulikuwa mkubwa. Niliona mti mkubwa unataka msumeno mkubwa. Muuzaji aliniambia breki ya mnyororo haishiki, lakini akasema yeye ametumia hivyo miaka mingi. Nikavaa suruali ya jinzi na raba, nikaenda.

Nilikata kama saa moja. Mikono ilikuwa imeanza kutetemeka kwa uzito, lakini sikutaka jirani aone nimechoka. Ncha ya bapa ikagusa tawi lililokuwa limejificha nyuma ya gogo. Sikuliona. Msumeno ukaruka juu kuelekea usoni, nikausukuma pembeni, ukashuka na mnyororo unazunguka, ukanipata mguu wa kushoto juu ya goti.

Mke wangu alinifunga kwa kitenge chake akakandamiza mpaka gari la wagonjwa likafika. Nilishonwa nyuzi 23. Nilikaa wiki saba bila kazi, na kazi yangu wakati ule haikuwa na malipo ya ugonjwa. Kodi ya nyumba ya miezi miwili ililipwa na watu wa kanisani na msikitini, baadhi yao wako humu ndani. Suruali ya kinga ambayo ingezuia jambo lile ilikuwa ikiuzwa dukani kwa bei isiyozidi sana bei ya msumeno wenyewe.

Sikusimulia ili mnihurumie, mguu umepona na mpira nacheza. Nimesimulia kwa sababu kosa langu halikutokea pale mtini. Lilitokea siku ya kununua. Nilinunua mkubwa kuliko kazi, mkubwa kuliko mikono yangu, mbovu wa breki, na pesa yote nikaimalizia kwenye injini. Mambo hayo manne ndiyo mazungumzo ya leo.

Anza na gogo, si na injini

Ukiingia dukani utaulizwa unataka ukubwa gani. Usijibu kabla hujapima magogo yako. Chukua futi ya fundi, pima unene wa gogo, si urefu. Magogo ya kuni yanayoletwa na lori hapa Maine mengi yana unene wa inchi 6 hadi 14. Bapa linafaa liwe refu kuliko unene wa gogo kwa inchi 2 hivi. Basi mwenye magogo ya inchi 12 au 14 anahitaji bapa la inchi 16. Mwenye machache mazito zaidi, inchi 18. Inchi 20 ndio mwisho kwa kazi yetu.

Bapa refu kuliko haja lina hasara mbili. Kwanza ncha yake hutokeza mbali, upande wa pili wa gogo, usikoona, na ncha ndiyo inayoleta balaa. Pili injini hulemewa kuzungusha mnyororo mrefu ndani ya mti mgumu, nawe unaanza kusukuma kwa nguvu. Ukijikuta unasukuma msumeno, simama, kuna jambo haliko sawa.

Sasa injini. Ukubwa wake hupimwa kwa cc, kama pikipiki. Midogo ni cc 30 hadi 40, hiyo ni ya matawi na kazi za bustani. Mikubwa huanzia 60 na kuendelea, ni ya watu wanaokata miti kila siku kwa mshahara. Ya kati ni cc 45 hadi 55, na kwa familia inayokata kordi tano au sita kwa mwaka, hiyo inatosha kabisa. Mfano wake ni Stihl MS 271, cc 50.2, au Husqvarna 455 Rancher, cc 55.5. Echo nao wana wa cc 50. Sijalipwa na yeyote kati yao. Nawatajia ili mkiona namba hizo dukani mjue mko kwenye daraja gani.

Jambo la uzito watu hulidharau. Misumeno hii ya kati ina karibu kilo 6 kabla ya kuwekwa bapa, mnyororo, mafuta na oili. Ikikamilika inavuka kilo 7. Mtasema, kilo 7 ni nini, sisi tumebeba magunia. Ni kweli, lakini gunia hulibeba begani. Msumeno unaushika mbele ya tumbo, unatetemeka, na ukichoka hauwezi kuutua ovyo. Dukani omba uushike ukiwa umezimwa, mikono miwili, kimo cha kiuno, kama unakata. Hesabu dakika mbili. Kama mabega yameanza kulalamika, teremka ukubwa. Hakuna aibu. Ni bora msumeno wa cc 45 ulio mikononi mwako kuliko wa cc 55 unaokuongoza wewe.

Teke

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Msumeno nao hupiga teke, na ni vizuri kujua kwa nini, kwa sababu kuna sehemu za msumeno unazinunua kwa ajili ya teke hilo tu.

Mnyororo unapozunguka, upande wa juu wa bapa unakimbilia mbele, na ukifika nchani unapinda kwenda chini. Robo ya juu ya ncha ikigusa kitu kigumu, meno yanakwama, na nguvu yote ya injini inalirusha bapa nyuma na juu, kuelekea kwako. Hutokea haraka kuliko kufumba jicho. Usiseme utaruka pembeni.

Kwa hiyo unaponunua, hakikisha mambo haya:

Breki ya mnyororo. Ni ile kinga iliyo mbele ya mkono wa kushoto. Ikisukumwa mbele inafunga mnyororo papo hapo.

Mnyororo wa kupunguza teke. Stihl huuwekea alama ya kijani. Ule wa alama ya njano ni wa wazoefu. Kwa kampuni nyingine muulize muuzaji, naye akuoneshe maandishi kwenye boksi.

Kufuli ya mafuta kwenye mshikio wa nyuma, ili kibonyezo cha mafuta kisibonyee mpaka kiganja kiwe kimeshika mahali pake.

Hayo yote hayasaidii kama unashika vibaya. Mikono miwili wakati wote. Kidole gumba cha kushoto kizunguke mshikio, kisikae juu pamoja na vidole vingine. Usikate juu ya mabega. Na usiuwashe kwa kuudondosha mkono mmoja huku ukivuta kamba, kama tunavyoona kwenye video. Uweke chini, breki imefungwa, mguu wa kulia ndani ya mshikio wa nyuma, halafu vuta.

Petroli au betri

Vijana wameniuliza kuhusu misumeno ya betri. Mizuri, siku hizi ina nguvu. Haina moshi, haina kelele nyingi, hakuna kuchanganya mafuta, na inawaka kwa kubonyeza. Kwa mwenye kazi ya matawi na kordi moja au mbili, ni chaguo la busara, na hata kwa mwenye mikono isiyo na nguvu ya kuvuta kamba.

Lakini kwa lori la kordi nane mtahitaji betri zaidi ya moja, na betri ndizo ghali. Pia suruali ya kinga ya kawaida imetengenezwa kwa kuvuta nyuzi zake ziukwamishe mnyororo wa injini ya petroli. Msumeno wa umeme una msukumo ambao huenda usikwame haraka hivyo. Soma lebo ya suruali. Na usidhani kwamba kwa kuwa hauna kelele basi hauna meno.

Mkichagua petroli, misumeno hii hutumia petroli iliyochanganywa na oili maalumu ya injini za aina hiyo. Kipimo cha mingi ya sasa ni 50 kwa 1, yaani galoni moja ya petroli kwa aunsi 2.6 za oili. Dukani kuna vichupa vidogo vilivyopimwa tayari kwa galoni moja, nunua hivyo usikisie. Petroli tupu itaua injini siku hiyo hiyo. Changanya kidogo kidogo, kwa sababu petroli iliyokaa zaidi ya mwezi huanza kuharibika na kuziba kabureta. Kuna tangi la pili, la oili ya mnyororo, hilo nalo lijazwe kila unapojaza mafuta.

Kujaza kufanyike msumeno ukiwa umezimwa na kupoa, sigara mbali, kisha sogea angalau futi 10 kutoka mahali ulipojazia kabla ya kuwasha. Na msiuwashe ndani ya gereji hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua mtu akiwa amekaa.

Ukinunua uliotumika

Sisemi msinunue vilivyotumika. Nusu ya vitu vya nyumbani kwangu vimetumika. Nasema kagueni, na mkague mchana.

Kwanza ukiwa umezimwa. Sukuma kinga ya breki mbele, vaa glavu, jaribu kuvuta mnyororo kwa mkono. Ukisogea, breki ni mbovu, rudisha. Achia breki, uvute tena. Sasa uende kwa urahisi. Bonyeza mafuta bila kushika kufuli ya nyuma, kisibonyee. Vuta kamba taratibu. Uhisi injini inabisha. Ikiwa laini kama kamba ya viatu, injini imechoka. Tikisa mishikio uone kama mipira ya kuzuia mtetemo imepasuka.

Kisha mwambie mwenyewe auwashe. Ukiwa unanguruma bila kubonyezwa mafuta, mnyororo usizunguke. Swichi ya kuzima izime mara moja.

Muuzaji akisema, "Hiyo breki haina shida," mshukuru, nenda zako. Nami niliambiwa hivyo.

Ukinunua mpya, nenda kwa duka lenye fundi. Misumeno ya Stihl hapa Marekani huuzwa kwa mawakala wenye karakana, na kuna mawakala wa Husqvarna na Echo pia, ingawa hizo utazikuta hata kwenye maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi. Faida ya wakala ni kwamba atauwasha mbele yako, akuoneshe jinsi ya kukaza mnyororo, na ukiharibika unamrudia. Omba risiti, omba waranti iandikwe jina lako. Kama Kiingereza bado kinakupa taabu, nipigie simu ukiwa pale kaunta, nitatafsiri. Hiyo ni kazi yangu, msione haya.

Hesabu ya pesa

Tuandike pamoja. Msumeno mpya wa kati kwa sasa ni kati ya dola 400 na 600. Suruali ya kinga, ile inayofungwa kwa mbele juu ya nguo, ni kama dola 80 hadi 130. Tafuta lebo ya UL au maandishi ASTM F1897. Kofia ngumu yenye wavu wa uso na vizuia kelele vya masikio, kama dola 60 hadi 80. Glavu, miwani, na buti ngumu. Tupa ya duara ya kunolea na mnyororo wa akiba. Bei hubadilika, lakini mnaona picha: vitu vya kinga ni dola 200 au zaidi kidogo.

Sasa nawaomba mbadilishe mpangilio wa kununua. Toeni kwanza dola 200 za kinga, weka pembeni. Kinachobaki ndicho cha msumeno. Kikitosha, nunua. Kisipotosha, teremka ukubwa, au kodi kwa siku moja kwenye duka la kukodisha vifaa, au changeni. Ninyi familia nne mliochanga lori, kwa nini mnunue misumeno minne? Nunueni mmoja mzuri na suruali mbili za kinga. Anayekata avae. Anayemsaidia avae.

Kuhusu tupa: mnyororo butu ni hatari kuliko mkali, kwa sababu unakulazimisha kusukuma. Mkali hutoa vipande vya mbao kama mchele mnene. Ukianza kutoa vumbi jembamba kama unga wa sembe, zima, noa. Mnyororo wa hatua ya .325 hutumia tupa ya inchi 3/16, na wa 3/8 hutumia ya 7/32. Namba hizo zimeandikwa kwenye bapa lenyewe. Zipigeni picha kwa simu, mtazihitaji siku ya kununua mnyororo mwingine.

Siku ya kukata

Sitafundisha kukata leo, tutafanya hivyo uani, mmoja mmoja. Ila mambo matatu siwezi kuyaacha.

Rundo la magogo marefu linaviringika. Usipande juu yake na usikate gogo likiwa ndani ya rundo. Toa moja kutoka ukingoni, livute pembeni, ndipo ukate. Kuna mti wenye ndoano ya chuma unaitwa peavey, kwa jina la fundi chuma wa hapa hapa Maine, Joseph Peavey, aliyeutengeneza miaka ya 1850. Unaviringisha gogo bila kuvunja mgongo. Tafuteni mmoja wa kuazimana.

Usikate peke yako. Awepo mtu mwenye simu, asiyekusogelea. Likitokea la kutokea, akandamize jeraha kwa kitambaa kwa nguvu zote asiachie, na apige 911. Aseme anwani kwanza, kisha aseme "Swahili", wataunganisha mkalimani. Anwani iandikwe kwenye karatasi mfukoni, kwa sababu siku ile mke wangu aliisahau nyumba yetu wenyewe.

Na la tatu: tunazungumzia magogo yaliyolala chini. Kuangusha mti uliosimama ni shule nyingine. Kuna mafunzo yanayoitwa Game of Logging, hutolewa huku New England kwa hatua, na hatua ya kwanza ni siku moja. Atakayetaka tutamtafutia nafasi na mkalimani.

Maswali yaliyoulizwa

*Baba mmoja: Kuna mtu ameniambia nije na msumeno wangu, nimkatie miti, atanilipa taslimu kila jioni. Niende?*

Baba, uliza kwanza: mimi ni mwajiriwa wako au kibarua wa kujitegemea? Ukiwa mwajiriwa katika kazi ya kukata miti, sheria ya OSHA, idara ya serikali kuu inayosimamia usalama kazini, inamtaka mwajiri akupe kinga ya miguu bila wewe kulipa, na akufundishe kwa namna unayoweza kuielewa. Kusaini karatasi ya Kiingereza usiyoielewa si mafunzo. Namba yao ni 1-800-321-6742, na unaweza kuomba jina lako lisitajwe kwa mwajiri. Lakini wengi wanaosema "njoo na msumeno wako" wanakuhesabu kibarua wa kujitegemea. Hapo ukiumia, huenda bima ya wafanyakazi isikuhusu, na bili ikawa yako. Kabla hujapanda gari lake, njoo ofisini tusome makubaliano pamoja.

*Mama mmoja: Mwanangu ana miaka 15, ana nguvu kuliko baba yake. Akate?*

Asikate, mama. Katika kazi zisizo za kilimo, sheria ya kazi ya Marekani inamkataza mwajiri kumpa kijana wa chini ya miaka 18 msumeno wa mnyororo. Nyumbani kwako hakuna mwajiri, lakini mguu ni ule ule. Mpe kazi ya kupanga kuni na kuviringisha magogo, nguvu zake zitaonekana.

*Mama mwingine: Na sisi wanawake?*

Kwa nini isiwe? Mama akipata mafunzo, kinga na msumeno wa kumfaa, hakuna kinachomzuia. Kule tulikotoka nani alikuwa akikata kuni?

*Mzee mmoja: Mimi nilipasua mbao miaka ishirini kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu, mmoja chini ya shimo. Unanifundisha nini?*

Mzee wangu, kwenye kujua mti sikufundishi, wewe ndiye utakayenifundisha. Unajua gogo linabana wapi na linafunguka wapi, na hilo ndilo vijana hawa hawalijui. Lakini msumeno ule ulisimama ulipoacha kuvuta. Huu hausimami. Kwa hiyo nakuomba mambo mawili: siku ya uani uje utufundishe kulisoma gogo, na uvae suruali ya kinga kabla ya wote, ili wakuone.

Mzee alikubali. Baba wa msumeno wa dola 80 naye aliniambia baadaye kwamba amekwenda kuukagua mchana, kama tulivyosema. Alisukuma breki mbele, akavuta mnyororo, ukasogea. Akamwachia mwenyewe.

Siku ya uani itatangazwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Suruali za kinga mbili na kofia mbili zipo ofisini za kuazima. Njooni mjiandikishe, na mje na vipimo vya magogo yenu.